Kuchagua mahali pa kupiga kambi msituni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetaka kulala kwenye hema ndani ya misitu ya milima ya Tanzania, hasa Usambara na Udzungwa. Kuna machache pia kwa walioko Kenya. Wengi huanza kwa kutazama picha: maporomoko, ukungu wa asubuhi, miti mirefu. Picha ni nzuri, lakini haisemi maji ya mvua yanapita wapi usiku, juu ya hema kuna tawi gani, wala gari litatokaje kukinyesha. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuangalia mwanzo. Mandhari yafuate baadaye, na kwa bahati nzuri misitu yetu haina uhaba wa mandhari.

Je, naruhusiwa kupiga kambi popote ndani ya msitu?

Hapana. Karibu kila msitu unaoujua una mwenyewe kisheria. Hifadhi za misitu ya mazingira asilia, kama Amani, Magamba, Chome na Uluguru, zipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hifadhi za taifa, kama Udzungwa na Kilimanjaro, zipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Ipo pia misitu ya vijiji inayosimamiwa na serikali ya kijiji, na michache ya taasisi: Mazumbai, kule Usambara Magharibi, ni msitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kila mwenye msitu ana maeneo aliyotenga kwa kambi, na ana ada zake. Ukiweka hema nje ya hapo, askari wa misitu ana haki ya kukuondoa hata kama ni usiku. Na hata asipokuona, umelala mahali ambapo hakuna anayejua ulipo. Hilo la pili linanitia hofu zaidi kuliko faini.

Msitu gani unamfaa anayeanza?

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Moshi, mimi huanza kumtajia Amani. Upo Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, na ndio uliokuwa wa kwanza nchini kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997. Kutoka Muheza mjini ni kama kilomita 30 na kitu, na nusu ya mwisho ni kupanda kwa kona. Uzuri wa Amani kwa mgeni ni kwamba msitu umezungukwa na watu: vijiji, mashamba ya chai, majengo ya zamani ya utafiti, na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ukisahau chumvi au kiberiti utapata. Mtoto akipata homa, hospitali ipo Muheza. Hata hivyo, ukitoka kidogo tu kwenye njia unasikia hondohondo wakipiga mbawa juu ya miti ambayo huoni kilele chake.

Magamba, juu ya Lushoto, unafaa kwa anayependa baridi na matembezi ya siku moja moja. Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya lami na magari ya abiria hayakosi. Ukifika Lushoto, bodaboda au gari ndogo itakusogeza hadi hifadhini.

Udzungwa ni hatua ya pili, na moyo wangu uko huko. Hifadhi hii ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na haina barabara za kuzungukia ndani: kila kitu ni kwa miguu. Makao yake yapo Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, kwa hiyo hata asiye na gari anafika kwa basi. Unaweza kulala kambi ya chini, karibu na lango, ukapanda asubuhi kwenda maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, ukarudi jioni. Kambi za juu mlimani, zile za kulala njiani ukielekea kilele cha Mwanihana, waachie waliokwisha kulala nje mara kadhaa na wanaoweza kubeba mizigo yao.

Kwa mkazi wa Dar asiye na muda, Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe inatosha kujaribia hema jipya. Ni msitu wa pwani, mdogo na wenye joto, lakini ni msitu kweli. Kama hema linavuja, ni afadhali kulijua ukiwa Kisarawe kuliko Mwanihana.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Septemba kwa wengi, halafu Januari na Februari. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia za udongo za milimani huteleza hata kwa gari la kuvuta magurudumu yote, na mito hujaa bila taarifa. Vuli huanza Oktoba na haina nidhamu: mwaka mmoja manyunyu, mwaka mwingine mafuriko.

Ila usidanganyike na neno kiangazi. Usambara Mashariki hupokea upepo wenye unyevu moja kwa moja kutoka baharini, na Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hakuna mwezi ambao mvua imeahidi kutokuja. Kule, turubai la ziada ni la lazima hata Agosti.

Nimefika kwenye eneo la kambi. Hema niliweke wapi hasa?

Swali hili lina uzito kuliko mengine yote, kwa sababu ndani ya eneo moja la kambi kuna mahali pa kulala salama na mahali pa kuamka umeloa, na umbali kati yao unaweza kuwa hatua kumi tu.

Kabla ya kutua mzigo, inua macho. Msituni hatari kubwa hutoka juu. Tafuta matawi makavu yasiyo na majani, matawi yaliyovunjika yakaning'inia kwenye mengine, na miti iliyokufa imesimama. Miti ya misitu hii si ya mchezo: mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika, mkukusu ulioko Kilimanjaro na uliotangazwa mwaka 2016, una mita 81.5. Tawi la mti wa nusu ya urefu huo, likishalowa mvua, huanguka kwa uzito ambao hakuna hema linaloweza kuupunguza. Wala halingoji upepo. Mara nyingi tawi bovu hunywa maji usiku kucha, likaachia alfajiri kukiwa shwari kabisa. Ukiona tawi la namna hiyo, ondoka chini yake, na umwambie askari wa zamu ili wengine nao wasilale hapo.

Kisha tazama chini. Udongo wenyewe utakuonyesha maji yanapopita: majani makavu yaliyojipanga kwa mstari, mchanga uliochujwa, mizizi iliyobaki wazi. Pale pasafi panapovutia, palipofagiwa vizuri bila jani, mara nyingi ni mvua iliyopafagia. Chagua mwinuko mdogo sana, kiasi cha maji kutiririka bila wewe kuteleza ukiwa umelala, na weka kichwa upande wa juu. Epuka shimo na bonde hata kama ni dogo. Hewa ya baridi nayo hushuka kama maji na kulala humo humo, kwa hiyo aliye bondeni hupata unyevu na baridi kwa pamoja. Juu kabisa ya kilima nako kuna upepo. Katikati ya mteremko, palipo na vichaka vya kukinga upepo, ndipo panapolalika.

Turubai la chini lisizidi ukubwa wa sakafu ya hema. Likitokeza nje, hupokea mvua na kuiingiza chini ya mgongo wako. Nimewaona watu wakilaumu hema zima kwa kosa la turubai hilo. Na usichimbe mtaro kuzunguka hema, jambo lililokuwa la kawaida zamani. Mtaro huacha jeraha kwenye udongo wa msitu, na mvua zinazofuata hulipanua. Ukiona panahitaji mtaro, hapo hapafai. Hamia pengine.

Mwisho, jiulize kama umekaa njiani kwa mtu au kwa mnyama. Njia nyembamba iliyokanyagwa ikapenya vichakani huenda ni ya nguruwe pori, na Udzungwa huenda ni ya tembo au nyati.

Sauti ya mto ni tamu usiku. Kwa nini mnatuambia tukae mbali nao?

Kwa sababu mvua inayojaza mto haihitaji kunyesha ulipo. Inaweza kunyesha kileleni, wewe huku chini ukaona nyota. Kaa angalau hatua 70 kutoka ukingoni, na kwa kimo, juu ya alama za mafuriko ya zamani: takataka na nyasi zilizonasa kwenye matawi ya vichaka ndizo zinazoonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Korongo kavu si mahali pa kulala hata mwezi wa Agosti.

Umbali huo huo unalinda maji yenyewe. Mto unaopita kambini Amani au Mang'ula hunywewa na vijiji vilivyo chini. Sabuni, hata ile inayoitwa ya asili, haiingii mtoni. Chota maji kwenye ndoo, oga na uoshe vyombo mbali, umwage maji machafu kwenye udongo.

Ya kunywa yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, na ukiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu. Maji ya mlimani kuwa maangavu hakuyafanyi kuwa salama.

Tunaweza kuwasha moto wa kuni?

Mahali palipotengwa tu, na kwa ruhusa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro moto wa kuni umekatazwa kabisa. Kwingine uliza kabla ya kusafiri, kwa sababu jibu hubadilika kwa msitu na kwa msimu. Kuokota kuni ndani ya hifadhi si haki ya mgeni hata kama zimelala chini: gogo linalooza ndilo nyumba ya uyoga, vyura na wadudu ambao hawapatikani popote pengine duniani, na milima ya Tao la Mashariki, ikiwemo Usambara na Udzungwa, inasifika ulimwenguni kote kwa viumbe wa namna hiyo.

Ushauri wangu ni jiko dogo la gesi. Linapika wali hata kukinyesha, halina moshi wa kuingia kwenye hema, na asubuhi huachi kovu jeusi. Kama umeruhusiwa moto, uwe mdogo, mbali na mizizi, na uzimwe kwa maji mpaka uweze kushika majivu kwa mkono. Kuufukia kwa udongo hakutoshi, moto hutembea chini kwa chini kwenye mboji kavu.

Wanyama je? Tutalala salama?

Katika misitu ya Usambara hakuna tembo wa kukukanyagia hema. Anayesumbua zaidi ni kima, anayejua zipu ni nini na anayeamka kabla yako. Chakula chote kiwekwe ndani ya gari au ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko, kamwe kisilale nawe ndani ya hema. Usilale chini ya mkuyu wenye matunda: mchana watakuja nyani na ndege, usiku popo, na wote huangusha makombo, na si makombo peke yake.

Udzungwa ni habari nyingine. Kuna tembo, nyati na chui, kwa hiyo kulala mlimani kunafanyika pamoja na askari mwenye silaha. Usijaribu kuokoa gharama hiyo.

Wageni wengi hushtushwa zaidi na sauti. Mlio mkali unaopanda kwa kukwaruza usiku wa manane, kana kwamba kuna mtu anakabwa, ni perere, ndugu wa pimbi anayeishi mitini, mnyama wa ukubwa wa sungura. Kilio cha kitoto ni komba. Waambie watoto mapema, jioni kabla ya kulala, na watakaa macho kuwasubiri kwa hamu badala ya woga.

Na siafu, mbu, kupe, nyoka?

Siafu hutoka kwa wingi baada ya mvua. Kagua ardhi kabla ya kutandika: ukiona msafara, hata mwembamba, tafuta mahali pengine. Wakikufikia usiku, usipigane nao. Sogeza hema, wao wana safari yao na watapita.

Amani ipo chini ya mita 1,000 hivi na Mang'ula chini zaidi, kwa hiyo mbu wa malaria wapo. Hema lenye wavu mzima ni lazima, na ukipata homa baada ya kurudi nenda ukapime. Kupe huning'inia kwenye nyasi ndefu, basi chagua palipofyekwa, vaa suruali ndefu, na mkaguane mwili kila jioni.

Nyoka hupenda marundo ya kuni, mawe na magogo. Weka hema mbali na hayo, tembea na tochi, kung'uta viatu asubuhi. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kubana, asinyonywe sumu. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Ndiyo maana umbali wa hospitali ni sehemu ya kuchagua kambi: kutoka Mang'ula ni Ifakara, kutoka Magamba ni Lushoto.

Kambi ya umma au kambi maalumu?

Hifadhi za taifa, zetu na za Kenya, zina aina hizi mbili. Kambi ya umma ina choo, mara nyingi maji na banda la kupikia, na utalala na majirani usiowajua. Kambi maalumu unaipata peke yenu kwa kuilipia mapema na kwa bei ya juu, lakini kwa kawaida haina huduma yoyote: maji, choo na kila kitu mnakuja nacho. Jina "maalumu" limewaponza wengi waliodhani ni ya kifahari. Kwa familia na wanaoanza, chagua ya umma na ufike siku ya katikati ya wiki. Utulivu utaupata huko huko.

Takataka tuzifanyeje?

Mrudi nazo, zote, hadi mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Kenya ilikwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi. Beba chupa ngumu na vyakula kwenye makopo ya kufunga. Maganda ya ndizi na machungwa nayo ni takataka. Yanawafundisha kima kwamba kambi ni jikoni.

Kuna baridi kiasi gani?

Zaidi ya unavyodhani ukiwa Tanga. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na unyevu huongeza makali. Magamba, mwezi wa Julai, beba begi la kulalia la maana, soksi za sufu, kofia, na kitu cha kutandika chini ya mgongo. Baridi ya ardhini ndiyo inayowaamsha wengi, wao wakidhani ni ya hewa. Mang'ula shuka moja linaweza kutosha.

Mimi nipo Kenya magharibi. Kakamega inafaa?

Inafaa sana. Kakamega ni masalio ya msitu wa mvua unaofanana na ile ya Kongo, kwa hiyo utaona ndege na vipepeo ambao hawapo kwingine Kenya. Jua tu kwamba una wasimamizi wawili: upande wa kaskazini, Buyangu, ni wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na upande wa kusini, Isecheno, ni wa KFS, shirika la misitu la Kenya. Ada na taratibu ni tofauti, na kibali cha upande mmoja hakikupi haki ya upande wa pili. Mvua huko hupenda kuja alasiri, basi hema lisimame kabla ya chakula cha mchana.

Nipige simu niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza choo kipo na kinafanya kazi, siyo kama kipo tu. Uliza maji yanatoka bombani au mtoni, na kama yalitoka wiki hii. Uliza barabara ilikuwaje baada ya mvua ya mwisho, na kama gari dogo limepita. Uliza kama kuna mlinzi usiku, mtandao wa simu upi unashika, na kama kuna kundi kubwa la wanafunzi siku hiyo. Uliza ada inahesabiwaje: TANAPA huhesabu kwa saa 24, kwa hiyo saa ya kuingia langoni ina maana kwa mfuko wako. Malipo ya serikali hufanyika kwa kontroli namba, yaani namba maalumu ya malipo unayopewa, kupitia benki au simu. Omba namba hiyo mapema, maana mtandao wa langoni hauaminiki.

Anayejibu kwa ukamilifu, hata kwa kukuambia choo kimeharibika, huyo kambi yake ina mtu anayeijali. Mimi ningeenda kwake.

Ni lazima kuchukua mwongozaji wa kijijini?

Kwenye baadhi ya njia ni sharti. Pasipo sharti, mchukue. Atakuonyesha mti unaovuja utomvu wa kuwasha, atakuambia kijito kipi hukauka, na atajua sehemu za msitu ambazo wazee wa kijiji wanazitunza kwa matambiko. Huko hamuingii, hampigi picha, wala hamuulizi mara mbili. Fika kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kama msitu ni wa kijiji, uamkie wakubwa shikamoo, useme mmetoka wapi na mtalala siku ngapi. Pesa ya mwongozaji ikibaki kijijini, kijiji kinaona faida ya mti kusimama.

Tufike saa ngapi?

Saa nane mchana, isizidi saa tisa. Ndani ya msitu mnene giza huanza saa kumi na moja na nusu, mapema kuliko nje. Mkifika mapema mtakuwa na muda wa kuzunguka eneo lote kabla ya kutua mizigo, kusimamisha hema kungali na mwanga, na kama hakuna mahali panaporidhisha, kumwambia askari awapeleke kambi nyingine au kushuka kulala Muheza, Lushoto au Mang'ula na kurudi asubuhi.